Alimentation Haizai Umeme

~~Mpenzi~~ Baba Orpa,

Maharage iko mu sufuria, fufu ujipikie. Mi naenda Mbarara kufuata jenereta yetu kwa yule mwenye duka uliyebadilishana naye. Usinifuate.

Asubuhi nilipeleka ile alimentation yako, kile kisanduku cha kuingizia umeme mu kompyuta, kwa fundi Jovan, aipime na jenereta yake. Akaifungia taa za gari, akaweka mita: volti kumi na mbili, hazikushuka hata kidogo. Akasema, "Mama, hii kitu iko muzuri sana, ni wati 750 za kweli. Sasa kule nyumbani mutaipatia umeme gani?" Batu bote mu duka bakacheka.

Ningesema nini? Kwamba bwana yangu alisoma wati 750 kwenye sanduku, akaona zinapita zile 650 za jenereta, akatoa jenereta? Eti "alimentation ndiyo inalisha kompyuta." Inalisha, ndiyo! Lakini yenyewe inakula kwanza, Anatole! Inakula umeme, na umeme wetu uliupeleka Mbarara wewe mwenyewe, umeufunga kamba kwenye pikipiki!

Batu ba kwaya bakikuja kuchapisha nyimbo zao, uwaambie wewe. Kwa kinywa chako.

Kuku uwafungie mapema. Orpa asiguse waya.

Nitarudi ~~leo~~ siku jenereta itakubali kurudi na mi. Giza likiingia, usiende kuomba mshumaa kwa jirani. Alimentation nimeilaza kwenye mto wako. Washa.

Mama Orpa