Msichana Hashiki Randa

Karakana ya Baba,
Nyuma ya Soko.
Jumapili, 14 Septemba

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Pokea salamu nyingi, nyingi kuliko maranda ya mbao yaliyowahi kujaa karakana hii. Hujambo? Kile kifua kinachokusumbua wakati wa baridi kimepoa? Shemeji mzima? Sisi tupo, tunajikongoja. Goti langu la kushoto limeanza uzee kabla yangu, na wifi yako anasema ni dhambi za mdomo zimeshukia miguuni. Mwache acheke, maana nyumba hii ina siku nyingi haijacheka.

Naandika kwa mkono kwa sababu jambo nililonalo nimeshindwa kulisema kwa simu. Mara tatu nimekupigia, mara tatu nimeishia kukuuliza kama mvua imenyesha. Linamhusu Baba, na kosa ni langu. Nivumilie, nitafika.

Miezi miwili sasa tangu tumzike. Wageni wamekwisha, viti vya kuazima vimerudi kwa wenyewe, na Mama ameanza tena kulala chumbani kwake. Karakana naifungua kila asubuhi, napanga patasi, nafagia, nafunga. Mteja akija namwambia arudi wiki ijayo.

Wiki iliyopita Shangazi alinikuta humo. Nikamwambia, kwa kiburi changu kile unachokijua, kwamba walau Baba ametuachia mila safi: mbao kavu, neno moja, na msichana hashiki randa. Loo! Nusura anichape mkongojo. "Mila ipi?" akasema. "Mimi nimepiga randa na babu yenu kabla baba yako hajaota ndevu." Akaninyanyulia ule mkono wenye kidole pungufu, ambacho tangu utotoni tuliambiwa kilibanwa na mlango. Kumbe ni msumeno! Na aliyekuwa amemshikia ubao siku hiyo, ubao ukamponyoka, ni Baba, akiwa na miaka kumi na mitano. Tangu hapo hakutaka kuona msichana karibu na chuma. Hakusema kwamba anaogopa. Alisema ndivyo tulivyorithi.

Basi mila niliyoitetea kufa na kupona haikuwa hata na umri wa Shangazi. Ilikuwa hofu ya mtu mmoja, nasi tukaivika kanzu ya heshima.

Unakumbuka siku ulipotaka kushika randa Baba akakukatalia, nilivyosimama mbele ya meza ya kazi nikakuambia mwacha mila ni mtumwa. Ukanijibu kwamba mtumwa ni yule anayelinda asichokijua. Nilikasirika. Ukafunga mzigo wako, na miaka kumi na moja imepita. Halafu tazama maajabu: mimi mlinzi wa mila ndiye niliyeingiza humu misumari na mbao za kugandishwa kwa gundi, eti wateja wana haraka. Wewe mvunja mila, huko ugenini, ndiye unayeunga mbao kwa ulimi na tundu, bila msumari hata mmoja, kama alivyofundisha Babu.

Nimejuaje? Kwa kile kigoda ulichomtumia Baba. Na hapa ndipo lilipo jambo lenyewe.

Kilipofika, alikuwa hatoki tena kitandani. Alikipokea, akakigeuza miguu juu, akakipapasa kila pembe akitafuta msumari. Hakuupata. Machozi yakamtoka, Chiriku, na mimi sikuwa nimewahi kuyaona machozi ya Baba. Akasema, "Mwite mwanangu. Aje achukue meza yangu ya kazi."

Nami nikamjibu, "Baba, si wewe uliyesema msichana hashiki randa? Leo tutawaambia watu nini?"

Alinitazama weee. Mtu mzima, mgonjwa, akaona haya mbele ya mtoto aliyemlea kwa neno lake mwenyewe. Akasema, "Haya," akageukia ukutani. Hakulitaja tena. Aliishi wiki tano baada ya hapo. Wiki tano nzima, na wewe ungefika kwa siku mbili!

Ulipopiga simu siku ya msiba, ukaniuliza huku unalia kama alikutaja, nilikuambia alikuwa amechoka sana, hakusema kitu. Nilikudanganya. Niliogopa utanichukia, nikaona afadhali uendelee kudhani ni yeye aliyekukataa. Hiyo ndiyo inayoninyima usingizi kuliko hata kifo chenyewe.

Mama bado hajui. Nitamwambia leo hii nikishafunga bahasha, kabla ujasiri haujaniponyoka. Msamaha sina uso wa kukuomba. Ukitaka kuja, meza ya Baba ni yako kwa kauli yake mwenyewe, si kwa hisani yangu. Usipotaka, nitaelewa.

Nisalimie Shemeji na watoto. Shangazi anakusalimu, anasema uache kukonda. Wifi yako naye anakusalimu, na Mama hamalizi sala bila kukutaja. Mungu akulinde, akupe na ile baraka ambayo Baba alitaka kukupa kwa mkono wake nikamzuia.

Hukukataliwa, mdogo wangu. Uliitwa. Mimi ndiye sikukufikishia.

Nami nakupenda, hata usiponijibu,

Kaka yako