Kilo Kumi na Moja

Buhongwa, Mwanza
3 Agosti 2025

Mdogo wangu Kokushubira,

Hujambo, na shemeji Elias hajambo? Sisi huku wazima, vumbi tu ndilo linalotusumbua. Wifi yako Bernadeta anakusalimu sana.

Majibu yametoka. Damu zetu zinapatana, na figo zangu zote mbili ni nzima. Ila daktari amesema kwa kilo hizi tisini na saba hawawezi kunipasua. "Ukifika themanini na sita, rudi." Basi nina kilo kumi na moja za kutoa kabla ya kukupa hiyo figo.

Wamenipeleka kwa mtaalamu wa lishe, Bwana Ndalahwa. Aliniuliza kazi yangu na mazoezi nitakayofanya. Nikamwambia ni mwalimu, na nitatembea kila asubuhi kutoka hapa hadi stendi ya Nyegezi. Akapiga hesabu, akanipangia kalori elfu mbili kwa siku. Nimenunua na saa ya mkononi inayopima mwendo. Jana imesema nimechoma kalori mia sita na arobaini! Krismasi itanikuta huko Dodoma.

Kaka yako,
Privatus

Dodoma
10 Agosti 2025

Kaka Privatus, shikamoo.

Natumaini miguu haijakuuma. Nakuandikia nikiwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Mkono wa kushoto una mipira, wa kulia una saa nne bila kazi, ndiyo maana barua zangu ni ndefu kuliko zako.

Naendelea vizuri, ila kiu. Naruhusiwa nusu lita kwa siku, na Dodoma unaijua kwa joto. Nimemwambia Elias habari yako, akatoka nje kidogo, akarudi macho mekundu.

Tembea polepole, kaka. Nitangoja.

Mdogo wako,
Koku

Buhongwa
14 Septemba 2025

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima.

Nimefika tisini na nne! Na saa inanipa moyo. Ikisema nimechoma mia sita, najirudishia hizo mia sita palepale stendi: chapati mbili na supu ya sato. Nimezitolea jasho, nani atanikataza?

Kaka yako,
Privatus

Dodoma
2 Novemba 2025

Kaka, shikamoo.

Hamjambo hapo nyumbani? Wiki saba sijapata neno lako. Nimepiga simu mara mbili; wifi akasema umelala, na ilikuwa saa kumi na mbili jioni.

Kaka, kama umeogopa, sema. Kisu ni kisu, na una wanao. Sitakulaumu. Lakini usininyamazie. Mwenzangu wa kiti cha pili, Mama Rebeka, alizikwa Jumanne. Nikiwa hapa nikijua nangoja nini, naweza kungoja. Nisipojua, siwezi.

Mdogo wako,
Koku

Buhongwa
5 Novemba 2025

Mdogo wangu Koku,

Pole kwa msiba, na pole kwa kimya changu. Sikuwa nimelala.

Uzito umegoma. Wiki nne tisini na nne, ya tano tisini na tano. Niliona haya kukwambia. Jana nimerudi kwa Ndalahwa, nikamwonyesha saa. Akauliza, "Hizi zinazochomwa unazifanyaje?" Nikamwambia nazila. Akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Mwalimu, nilipokupa elfu mbili, matembezi nilikwisha kuyahesabu. Wewe unayahesabu tena. Halafu saa inakisia tu. Na katika hizo mia sita zimo hata zile ambazo mwili ungezitumia ukiwa umekaa kitini."

Nikamuuliza, sasa saa niifanyie nini?

"Ivae ujue ni saa ngapi. Tembea, kula ulichopangiwa. Njaa ikikuzidi ongeza kidogo, usirudishe zote. Pima kila Jumapili, na utazame mwezi mzima, si siku moja."

Hilo ni la kwanza. La pili ni gumu zaidi. Mzani ulipogoma, Koku, kuna pahali moyoni nilifurahi. Nilijiambia, nimejaribu, mwili umekataa. Naogopa kupasuliwa. Naogopa sana. Lakini sijakataa.

Kaka yako,
Privatus

Dodoma
8 Novemba 2025

Kaka, shikamoo.

Asante kwa kuniambia. Nami nikuambie langu: nilipodhani umekataa, nililia siku mbili. Siku ya tatu nikapata nafuu, kwamba hutalala juu ya meza ile kwa ajili yangu. Kwa hiyo hakuna wa kumcheka mwenzake.

Sasa tembea. Na chapati uziache.

Koku wako

Buhongwa
22 Machi 2026

Mdogo wangu,

Hujambo? Themanini na tano na nusu, kwa mzani wa hospitali, bila viatu. Desemba nilishuka kilo mbili tu, Januari mbili na nusu, nikadhani sitafika. Daktari amesaini. Jumamosi napanda basi hapo Nyegezi. Wifi yako amekaza suruali zangu zote kwa cherehani.

Bado naogopa. Nakuja hivyo hivyo.

Kaka yako,
Privatus

Dodoma, wodi ya wanawake
22 Mei 2026

Kaka, shikamoo.

Baada ya miezi miwili ya vipimo na vibali, jana wametupasua, na najua upo ng'ambo ya ukuta huu. Nesi anasema umelala, kidonda kinakuuma lakini unaendelea vizuri, na umemuuliza habari zangu mara nne. Nimemwomba akuwekee karatasi hii kando ya mto wa kulalia, uione ukiamka.

Mwaka na nusu sikupata hata tone. Leo asubuhi nimekojoa, kaka. Nimekojoa sana, hadi nesi amebadilisha mfuko mara mbili, na Elias anaupigia makofi kama mtu aliye kanisani.

Mdogo wako,
Kokushubira