Kura Yangu Iliyobaki Hail

Mpendwa Bi Jawaher, naomba msaada wako kabla Ijumaa haijafika, maana Ijumaa mume wangu anataka kumwapisha ndugu yake wa tumbo moja kwa kosa ambalo ni langu mimi.

Sisi tunakaa Yiti, na mume wangu Aflah aligombea Majlisi Shura, bunge letu la Omani, kwa wilaya yetu, na wewe unajua uchaguzi wa kwetu ulivyo, wilaya ndogo, wanaume wa ukoo wanakaa sablani kwenye ukumbi wao wanakubaliana mtu mmoja, basi ukoo wote ukampa neno Aflah, hata wazee waliorudi kutoka Unguja wakamwombea dua, na mimi nikapika mpaka mikono ikaniuma. Lakini mimi kwetu Hail, na jina langu la kura liliandikwa huko tangu sijaolewa, na la binti yangu Nawar vilevile maana alisomea kwa mama yangu, na Aflah aliniambia mapema, "Mazoon, hamisheni majina yenu yaje huku kwetu," nikamwambia hadhir, sawa, kesho, kesho, mara harusi, mara mama anaumwa, mpaka muda wa kuhamisha ukapita na mimi sina habari.

Siku ya kura, maana siku hizi kwetu kura hupigwa kwa simu, tulikaa wanawake chumbani kila mtu na simu yake, nikasomesha kitambulisho, nikapiga picha ya uso, yakaja majina ya wagombea wa Sib, wilaya ya huko kwetu Hail, hata mmoja simjui, na la Aflah halimo. Nawar akaninong'oneza, "Mama, mbona jina la baba silioni?" Nikamwambia, "Nyamaza, bonyeza lolote," kwa sababu mawifi walikuwa wametuzunguka na niliona haya, tukabonyeza, simu ikatuandikia asante kwa kupiga kura, na Aflah aliponiuliza baadaye nikamwonyesha ile asante, akanibusu utosi.

Matokeo yalipotoka Aflah ameshindwa kwa kura moja. Moja, Bi Jawaher! Na mimi na Nawar tuko wawili.

Tangu hapo anatafuta msaliti, na watu wakamtajia mdogo wake, Msellem, kwa kuwa alionekana akinywa kahawa nyumbani kwa yule aliyeshinda, na kweli alikunywa, wale walikuwa wamefiwa naye alikwenda kuwapa taazia. Sasa Aflah anataka Ijumaa baada ya sala Msellem aje sablani aape kwa msahafu mbele ya wazee. Msellem kajibu, "Siapi. Kaka akishataka nimwapie, mie sina tena kaka." Na Aflah kasema asipoapa, basi hata siku akifa hatamzika. Rawan, mke wa Msellem, kaja kwangu kulia, nikampa maji, nikalia naye, na sikusema kitu. Nikisema ukweli naogopa Aflah ataniacha, nikinyamaza nawatenganisha watoto wa mama mmoja. Nifanye nini?

Mimi niliyebanwa, Yiti

Bibie, jibu hili nimekutumia kwa simu leo Jumanne. Gazetini wengine watalisoma Ijumaa ikishapita, na majina nimeyageuza.

Pole, kwanza. Haya yangeweza kumkuta yeyote. Sisi mwanamke akiolewa tunadhani kila chake kimehama naye, nguo, udi, mpaka mahali atakapozikwa. Kumbe kura haijui harusi, inakaa ilipoandikwa. Kuchelewa kuhamisha jina ni uzembe, si usaliti. Ungesema siku ileile, mawifi wangekucheka wiki nzima, yakaisha.

Lakini ile asante uliyomwonyesha mumeo, hiyo sikusamehei upesi. Na Nawar je? Mtoto kauliza swali la haki, wewe ukamfunga mdomo, na sasa anamwona baba yake mdogo anateketea kwa jambo analolijua. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukinyamaza, utampakulia Aflah chakula kila siku ukijua kwa nini hana ndugu. Utaweza hilo? Mimi nisingeweza hata mwezi.

Unaogopa kuachwa. Siwezi kukuahidi kwamba hatakuacha, mumeo simjui. Inaniuma kukuandikia hivyo, lakini kukudanganya kungekuwa kubaya zaidi. Ninachojua ni kwamba kiti cha Shura kitagombewa tena baada ya miaka minne. Ndugu akishavunjiwa heshima mbele ya wazee, huyo hagombewi tena.

Na hili mwambie Aflah limetoka kwangu: kura ni siri. Hata kama Msellem angempa yule mwingine, hana deni la kiapo kwa mtu. Na kama kunywa kahawa ya msibani kumekuwa usaliti, basi tuache kuzikana.

Sasa fanya hivi. Kesho baada ya alasiri, akiwa peke yake na kashakunywa kahawa yake, mwambie. Usianze na machozi, usimtaje mama aliyekuwa anaumwa, usimsukumie Nawar. Sema, "Kura zetu zilikuwa Hail, nikakuficha. Usimwapishe Msellem." Kisha nyamaza. Mwache apandishe hasira mpaka ashuke. Akishuka, mwambie aende kwa Msellem mwenyewe, abishe hodi kama mgeni, kwa kuwa aliyetukana ndiye anayekwenda. Wewe nenda kwa Rawan, ukamwambie yale uliyoyameza pamoja na machozi.

Akikataa kukusikiliza, mwite ami yao mkubwa, umweleze. Na huyo naye akikwambia unyamaze, eti aibu ya nyumba, basi Ijumaa vaa abaya yako uingie sablani. Najua wanawake hawaingii. Ingia. Msahafu usifunguliwe kabla hujasema. Utatetemeka, bibie, tetemeka, lakini nenda.