Idi na Mwamuzi Mwenye Mvi

Dada yangu Tabu,

Shikamoo. Goti limeacha kukusumbua? Na shemeji, kikohozi kimemwachia? Huku ughaibuni, Columbia Heights, mimi na mwanao Idi tu wazima. Kule kazini, ghalani Eagan, bado nainua mzigo wa watu wanne kwa mkono mmoja, wa pili nimeshika chai.

Naandika barua, nitaipiga picha nikutumie, maana kwenye simu unalia kabla sijamaliza. Uliniuliza kama Idi anauweza kweli huo mchezo wa besiboli, au auache. Basi Jumamosi kocha wa chuo alikuja kwenye mechi yao kutafuta mdakaji mmoja tu. Nikaketi ubavuni pake nimsaidie utaalamu, mimi niliyedaka penalti tatu Ifakara huku natafuna muwa. Najua utasema zilikuwa mbili.

Mdakaji ni kama golikipa, ila anachuchumaa, kavaa kinyago, na mpira wao mgumu kama jiwe. Mikono ya Idi mizuri, mpira unatua kimya. Ukidunda anauzuia kwa kifua, hakwepi. Mbio hana, hizo karithi kwa baba yake. Na kurusha anachelewa: mpira ukifika kituoni, mkimbiaji wa wapinzani keshawasili na kujikung'uta vumbi. Kocha akaguna.

Nyuma ya mdakaji husimama mwamuzi, na wa siku ile alikuwa mzee, mvi tupu. Mpigaji akauparaza mpira kwa gongo lake, ukampiga mzee begani, paa! Akajikaza asionekane ameumia. Idi akainuka, akamwendea mrushaji, yule mwenzake anayemtupia mpigaji mpira, polepole kama mwenye jambo zito. Akasimama naye, mchezo mzima ukiwangoja, akafunga kamba za viatu, akarudi kwa mwendo wa bwana harusi. Mzee keshapata pumzi, na aibu hakupata.

Kocha akanigeukia: "Nani kamfundisha vile?"

Dada, ulimi uliniwasha niseme ni mimi. Nikasema, "Mama yake."

Akasema, "Kurusha nitamfundisha. Lile nisingeliweza." Anamtaka, na uuguzi anaoutamani atausomea hapohapo chuoni.

Ndani ya gari nikamuuliza, "Ulimwambia nini mrushaji?"

"Nilimuuliza amekula nini asubuhi, Mjomba."

Lakini kocha hajapewa jibu. Mwanao kasema mpaka mama akubali.

Nisalimie shemeji, mama mkwe wako mwenye maneno, na mdogo wetu fundi cherehani, mwambie shati lake bado nalivaa.

Piga simu, dada. Idi yuko hapa jikoni anajidai kuosha vyombo. Tangu nianze kuandika, sahani ni ileile.

Nduguyo akupendaye,
Mjomba Hamisi, mdakaji wa penalti mbili