Sakoshi Iliyobadilisha Vipimo
Kamati ya Walimu wa Fizikia, Rumonge

Tarehe: Jumatano, 14 Mei 2025, saa tisa alasiri
Mahali: Chumba cha maabara
Waliohudhuria: Bw. Melkiades (Mwenyekiti), Bi. Pascasie (Mwandishi), Bw. Lameki, Bi. Chanceline
Hakuhudhuria: Bw. Éphraïm, kwa taarifa. Basi lake liliharibikia Muhuta.

KUMB. NA. 1/5: KUFUNGUA
Mwenyekiti aliwasalimu wajumbe kwa "amahoro", yaani amani, akaomba wasisutane kama Aprili.

KUMB. NA. 2/5: YATOKANAYO
Ilisomwa kumbukumbu ya Aprili kwamba vipimo vya Bi. Chanceline "ni namba za kubuni", hivyo asiende Bujumbura kwenye maonyesho ya sayansi. Bi. Chanceline alisema maneno hayo yamemuuma, na wanafunzi wake wa Kizuka wameshayasikia. Aliomba apime mbele ya kamati.

KUMB. NA. 3/5: UKINZANI WA PLASTIKI
Kinachopimwa ni utando mwembamba wa plastiki inayopitisha umeme. Bw. Lameki, ambaye hupima Jumamosi, hupata kilo-omu 412, Bi. Chanceline, Jumatano, 398. Alipopima, ilitoka 398. Bw. Lameki alicheka kidogo. Mwandishi akavuta sakoshi yake, mkoba uliokuwa mezani karibu na plastiki, atoe kalamu nyingine. Kipimo kikapanda hadi 412. Alipoirudisha, 398.

Bi. Chanceline alisema: "Mama Pascasie, mimi sikubuni kitu. Ni hiyo sakoshi yako. Kifungo chake iko sumaku."

Bw. Lameki alipinga, akisema sumaku haivuti plastiki. Bi. Chanceline alieleza kwamba si lazima iivute: ndani ya plastiki chembe za umeme hukutana mbili mbili, na sumaku hata dhaifu hubadilisha jinsi zinavyokutana, umeme ukapita kwa urahisi zaidi. Sakoshi ilisogezwa mara sita, na mara zote kipimo kikabadilika vilevile. Ilikumbukwa kwamba Mwandishi huketi ubavuni pa Bi. Chanceline kila Jumatano, na Jumamosi huwa kwenye kwaya.

KUMB. NA. 4/5: MAAZIMIO
Bi. Chanceline ataenda Bujumbura. Mwenyekiti alipendekeza maneno ya Aprili yafutwe. Bi. Chanceline alikataa, akataka yabaki, na litajwe jina la aliyeyasema kwanza. Ni Mwandishi. Mwandishi aliomba radhi, na aliona haya kweli. Radhi ilipokelewa. Bw. Lameki hakuombwa lolote.

Bi. Chanceline aliomba sakoshi iende naye pamoja na vifaa vingine. Mwandishi alimkabidhi, akarudi nyumbani na vitu vyake vimefungwa kwenye kitenge.

Wajumbe walitawanyika saa kumi na nusu.

Melkiades, Mwenyekiti ..............
Pascasie, Mwandishi ..............