Matairi ya Matope

Jumatatu, 8 Aprili

Duka la tatu. Wiki jana Homa Bay walinionyesha matairi ya lami, wakiapa yanapanda mlima wowote. Waongo. Lami haifiki kwetu. Kushuka ufuoni Karungu ni mawe makali, kisha udongo mweusi unaonata kama ugali mbichi. Mzee Salim wa hapa Migori, mtu wa pwani, hakuapa. Aliuliza ninabeba nini. Samaki na barafu, nikasema, na mvua ikinyesha bado nabeba. Akanitolea yenye meno mapana yaliyoachana, tope lichomoke lenyewe. Ubavu niliusukuma kwa goti, haukubonyea. Alinionya yatapiga kelele kwenye lami. Yapige tu. Nimechukua manne ya pikapu yangu, pamoja na rimu zake.

Jumatano, 10 Aprili

Nimekwenda hadi Sori, ufuoni, na kurudi. Mvua tangu jana. Malori mawili yamekwama, madereva wamekaa juu wanatafuna miwa. Nikapita katikati yao. Sijafurahi hivi tangu mume wangu afe. Yeye aliogopa mvua. Mimi siogopi.

Jumamosi, 13 Aprili

Kikao cha ukoo. Wamempa gari Ouma, mdogo wa marehemu. Kila mtu anajua sababu: nilikataa anirithi. Amekosa mke, basi apate pikapu. Nililinunua kwa samaki wangu, nikaliandikisha kwa jina la mume. Mjinga mimi.

Wanaume wote walikubali. Mama mkwe peke yake alisimama, na kifua chake kile kibovu, akasema gari ni langu na jasho langu ameliona kwa macho yake. Walimwambia aketi. Hakuketi mpaka kikao kikaisha.

Ouma atalichukua Jumatatu. Namchukia.

Jumapili, 14 Aprili

Sikwenda kanisani. Jeki na spana tu. Nimerudishia matairi ya zamani. Vipara vitupu, la nyuma kushoto limeanza kuonyesha nyuzi. Kikao kilisema gari, hakuna aliyetaja matairi. Mapya yako chumbani kwangu. Harufu ya mpira imejaa humu. Naipenda.

Jumatatu, 15 Aprili

Ouma amekuja na miwani ya jua. Alipangusa kioo cha pembeni, akajitazama. Chini hakuangalia. Nikamtakia safari njema.

Ijumaa, 19 Aprili

Ouma amekwama, mara ya pili wiki hii. Samaki wa watu wameozea njiani. Sokoni wananipa pole, nami nainamisha uso kama mjane mwema. Nikifika nyumbani nacheka.

Jumapili, 21 Aprili

Ouma alikuja asubuhi, tope hadi magotini. Mama mkwe amezidiwa, anavuta pumzi kwa shida. Alikuwa anampeleka hospitali Migori, gari likazama bondeni. Kwenye pikipiki mama hawezi kukaa. Akaomba matairi.

Nikayapakia kwenye pikipiki mbili, nikaenda. Lakini sikugusa hata nati moja. Nilikalia tairi mbele ya gari.

"Ufunguo kwanza," nikamwambia. "Halafu useme gari ni la nani. Watu wasikie."

"Yuora, shemeji yangu, mama anakufa."

"Basi sema haraka."

Akageuka kulitazama gari. Sikuinuka kwenye tairi. Mvua ilikuwa inaingia ndani ya gari, alimokuwa mama. Mwishowe alisema gari ni langu, mbele ya vijana wa pikipiki na wanawake waliokuwa wanatoka kanisani. Nikamtaka arudie kwa Dholuo, lugha yetu ya nyumbani. Akarudia huku analia. Ndipo nikaweka ubao chini ya jeki.

Gari lilitoka mara ya kwanza. Nilishinda. Naandika tena: nilishinda.

Mama alikuwa macho muda wote. Dirisha lilikuwa wazi.

Alhamisi, 25 Aprili

Hospitali imemruhusu mama leo. Anapumua vizuri. Nilisogeza gari hadi mlangoni, nimetandika blanketi kwenye kiti. Alilitazama gari. Akanisalimu kwa adabu, kama anavyosalimu wageni, kisha akamwomba muuguzi amwitie bodaboda. Nikamwambia barabara ni mbaya. Akasema anaijua.

Niliwafuata taratibu, nisiwarushie tope. Bondeni pikipiki ilishindwa. Alishuka, akavua viatu, akavuka kwa miguu akimshikilia dereva begani. Alisimama mara mbili kutafuta pumzi. Hakugeuka.

Mimi nilipita bila shida.