Tausi Wangu Kwenye Taarifa ya Habari

Shoga, upo? Nimekwisha.

Yule mwandishi wa habari niliyemsimulia habari za vijana wanaouza unga ghorofa ya chini, si aliniapia hataonyesha uso wangu? Kweli, uso hakuonyesha. Sauti pia kaibadilisha, naunguruma kama trekta.

Lakini kochi kaonyesha! Na kitambaa changu cha kufuma, kile cheupe chenye tausi wawili, mmoja nilimkosea mkia. Mtaa mzima unajua nani anafuma tausi!

Sasa Mpole, mkubwa wao, yuko sebuleni kwangu. Kapiga hodi vizuri, kavua viatu. Anakipapasa kitambaa. "Bibi, mama tulipoona taarifa jana akasema, huyo si fundi wangu wa vitambaa huyo!" Akacheka. Mama yake, shoga! Mteja wangu!

Nikamwambia naita polisi. "Usijisumbue bibi, afande nimekuja naye." Kweli, askari kasimama mlangoni, hata kunitazama hataki.

Nimesingizia naenda kuchemsha chai. Nakuandikia nikiwa jikoni.

Kaniuliza mjukuu wangu anatoka shule saa ngapi. Kauliza taratibu, kama mjomba wake. Nikasema amehamia kwa baba yake. Akatazama sare ya pili ya mtoto niliyoianika dirishani.

Shoga, nakupigia magoti. Kimbia shuleni, mchukue, alale kwako.

Ukimpata usinipigie. Simu yangu inalia kwa sauti na sijui kuinyamazisha.